Safari ya Kwenda Kwa Mwizi

Mtoto wa Mutua alifikisha wiki tano bila jina. Kwenye kadi yake ya kliniki nesi alikuwa ameandika "Baby Mutua" kwa penseli, akisubiri wenyewe wapatane. Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, na jambo hilo kwa kawaida halina mjadala. Babu ya mtoto huyu ni ndugu yangu Mwinzi, aliyenifuata kuzaliwa. Lakini Mwinzi aliuawa miaka minne iliyopita huko Theta, upande wa Ruiru, kwa mawe na mbao za mjengo, na watu waliosema ni mwizi. Mjane wake, Kalondu, hakutaka kulisikia tena jina hilo nyumbani kwake.

Mwinzi, kwa Kikamba, ni mchimbaji. Alizaliwa watu wakiwa mashambani wakilima, akapewa jina la msimu, na alipokua akapata riziki humo humo kwenye jina. Alichimba visima kwetu, na visima vilipopungua akaenda kuchimba mashimo ya vyoo kwenye ploti mpya za Theta, ambako watu wanajenga kama waliofukuzwa. Tulipoletewa habari za kifo chake tulimchukua mochari, tukamzika siku ya tatu, haraka, bila wasifu wake kusomwa. Wasifu huo ulikuwa niuandike mimi, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka thelathini na mmoja. Sikuuandika. Niliambiwa ndugu yangu ameiba, nikaamini. Lisemwalo lipo, nilijiambia, na kama halipo linakuja. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanipa heshima nisiyostahili.

Kilichonitoa nyumbani ni simu ya Mutua. Alitaka kumlainisha mama yake, akamfungulia ramani ya simu ili amwonyeshe kwamba pale babake alipofia sasa ni mtaa, kuna maduka na makanisa, na watu wamesahau. Kalondu akavaa miwani, akasogeza uso. Penye makutano ya barabara ramani ilikuwa imeandika: Kwa Mwizi Stage.

"Hawajasahau," alisema, akamrudishia simu. "Wamempa na kituo."

Siku hiyo mambo yaliharibika kabisa. Mtoto alikuwa awekwe wakfu kanisani Jumapili inayofuata, na pasta alitaka jina la kutangaza. Kalondu alisema aitwe Yoshua, au Danieli, au jina lolote la Biblia ambalo halijawahi kupigwa mawe. Mutua alisema mwanawe ni Mwinzi ama abaki hivyo hivyo. Mimi nikamwuliza wifi yangu ni nini kitakachomgeuza moyo.

"Niletee mtu aliyekuwepo," alisema. "Aniambie kwa kinywa chake kwamba mume wangu hakuiba. Si barua, si simu. Mtu."

Niliwaambia wote kwamba naenda Theta kulifuta lile jina la kituo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kujua kama ndugu yangu aliiba.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka Kithimani. Kijiji chetu maana yake ni kisimani, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka asubuhi hiyo, nikiwa nimekalia jiwe barabarani nikisubiri gari. Mtu akienda kuuliza majina ya wenzake, huanza kuyakagua ya kwao. Tulipita Kilimambogo, mlima wa mbogo. Nyati sikuwaona, ila kwenye tambarare niliona mananasi, safu baada ya safu, hadi macho yakachoka. Jirani yangu garini alikuwa amelala tangu nilipopanda na sikumlaumu.

Saa mbili na nusu nilikuwa Thika. Niliingia hoteli ndogo nyuma ya soko nikaagiza chai na mandazi, na kwa kuwa majina yalikuwa yameshanikaa kichwani, nikamwuliza msichana aliyenihudumia neno Thika lina maana gani.

"Thika ni zika," alisema, akifuta meza. "Kwa Kikuyu ukiambiwa thika, unaambiwa zika mtu. Wazee husema kulikuwa na vita hapa na Wamaasai, na waliokufa wakazikwa hapa hapa."

"Wacha kudanganya mgeni," alisema mzee mmoja aliyekuwa akinywa supu kwenye meza ya kona. "Hakuna mtu anajua. Hiyo watu hutunga tu."

"Sasa si hata kutunga ni kujua, guka?" msichana alimjibu, akaenda kuchukua oda nyingine. Mimi chai ilinishinda. Niliiacha nusu.

Kutoka Thika kwenda Ruiru barabara ni pana na gari halina la kusubiri. Tulipita Witeithie, jina ambalo niliambiwa maana yake ni jisaidie, yaani jitegemee, jikwamue mwenyewe. Lakini kwa Kiswahili changu cha darasani, mtu anayejisaidia anatafutwa na wenzake nyuma ya kichaka, kwa hiyo nilijikuta nikicheka peke yangu dirishani. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka safari hiyo. Ruiru nako ni mto mweusi. Niliuchungulia kutoka darajani na kweli ulikuwa mweusi, ingawa sidhani kama weusi ule ndio wazee waliouona. Chupa za plastiki zilikuwa zimejipanga ukingoni, na mwanamume mmoja alikuwa akiosha magunia humo humo.

Saa nne na robo, Ruiru, nilitafuta bodaboda. Kijana mmoja aliyeitwa Kim alinisogelea. Alikuwa na koti jekundu na adabu ya kutosha, isipokuwa jambo moja.

"Niaje shosho, unaenda wapi?"

"Mimi si nyanya yako. Naenda Theta."

"Sawa, madam. Lakini Theta ni kubwa. Theta wapi?"

Tangu siku ile ya simu ya Mutua sikuwa nimelitamka jina hilo hata mara moja. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi, na karatasi iko ndani ya mkoba, na mkoba nimeukumbatia. Kim akasubiri. Wenzake wawili wakageuka kusikiliza.

"Kwa Mwizi," nilisema.

"Aaah, hapo hata mtoto anakupeleka," alisema Kim, akawasha pikipiki.

Njia ilikuwa ya vumbi jekundu, na kila hatua kulikuwa na nyumba isiyoisha: vyuma vimesimama juu ya dari, madirisha bila vioo, kokoto zimemwagwa katikati ya barabara. Mashamba ya kahawa yamebaki vipande vipande kati ya kuta. Nilianza kuona mashimo. Kando ya kila nyumba mpya palikuwa na shimo, la choo au la maji, limezungushiwa mabati au matawi ya miiba. Nilijiuliza ni mangapi kati ya hayo yaliyochimbwa na mikono niliyoifundisha kushika penseli, maana Mwinzi alianza shule nikiwa darasa la mbele yake, na kushika penseli kulimshinda kwa mwaka mzima.

Tulifika. Sijui nilitarajia nini. Labda pahali penye kujua kwamba paliuawa mtu. Palikuwa na makutano ya njia tatu, kibanda cha wanabodaboda, kinyozi, mama anayeuza ndizi na parachichi, na kanisa la mabati lenye ubao uliosema ibada ni saa tatu, tawi la Kwa Mwizi. Jambo hilo nililisoma mara mbili. Tawi la Kwa Mwizi. Na duka la vifaa vya ujenzi lililopakwa rangi ya buluu lilikuwa na maandishi makubwa meupe: KWA MWIZI HARDWARE.

Nikawauliza wale vijana wa kibandani jina hilo lilitoka wapi. Sikujitambulisha. Wakafurahi, kwa sababu hawana la kufanya saa hiyo ya mchana.

"Kuna msee aliiba pampu ya maji hapa," alisema mmoja.

"Si pampu, ni simu. Aliiba simu ya mama fulani."

"Mimi niliambiwa ni kuku," alisema wa tatu, na wote wakacheka. Sikuwakasirikia. Walikuwa wageni kama vile mtaa wenyewe ulivyo mgeni. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo.

"Lakini ile kitu hushangaza watu," alisema Kim, akiegemea pikipiki yake, "ni vile alisimama. Wote huwa wanasema hivyo. Alikuwa amefika mbali, angetoka. Akasimama, akarudi nyuma."

"Mwizi gani anasimama akiitwa mwizi?" niliuliza.

Kim alikuna kichwa. "Hiyo ndiyo watu huuliza, madam."

Swali hilo lilinikaa kifuani. Wengine walisema pampu na wengine kuku, lakini wote walikubaliana kwamba alisimama.

Saa sita nilikuwa ofisi ya naibu wa chifu, chumba kimoja chenye dawati na kalenda. Nilimweleza karani kwamba kuna jina linalotukana familia yangu na nataka liondolewe. Alinisikiliza vizuri. Akafungua rejista, akapitisha kidole chini mpaka mwisho wa ukurasa, akageuza, akarudia.

"Hakuna mahali panaitwa hivyo, mama."

"Nimetoka hapo sasa hivi. Kumeandikwa kwenye ukuta."

"Naelewa. Hata mimi napitia hapo. Lakini kwa serikali hiyo jina haiko. Na kitu haiko, sasa nitakifuta namna gani?"

Alisema bila kejeli. Aliniandikia hata barua ya kuonyesha kwamba nimefika ofisini, akaigonga muhuri. Barua hiyo bado ninayo.

Nikarudi kwenye lile duka la buluu. Mwenyewe ni mtu wa makamo, mpole, mwenye aproni ya turubai. Nilimwambia mimi ni nani. Aliacha kupima misumari, akanitolea kiti cha plastiki.

"Pole sana, mama. Mimi nilifungua baadaye," alisema. "Niliita duka hivyo kwa sababu wateja wanapajua. Siwezi kudanganya, jina imenisaidia." Akafikiri kidogo. "Lakini mwenye alipiga nduru bado yuko. Alikuwa na kibanda pale penye kinyozi iko. Mama Shiro. Alifunga wiki hiyo hiyo. Nasikia yuko Thika, Kiandutu, anauza githeri karibu na pale wanatekea maji."

Sikulala Ruiru. Nilirudi Thika jioni mapema nikapata chumba katika nyumba ya wageni ya kanisa, nikala ugali na sukuma wiki, na nilipomaliza nikafunga mlango nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kwa miaka minne nilikuwa nimempa mtu jina la mwizi bila kuuliza ameiba nini.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, niliingia Kiandutu kwa miguu. Jina hili lilitoka kwa ndutu, ambao ni funza, wale wa kuingia kwenye vidole vya miguu. Ni mahali pa funza. Wenyeji wanalisema bila kusita, kama mtu anayesema yeye anatoka Machakos. Vyumba vya mabati vimebanana, maji machafu yanapita katikati ya njia, na watu walikuwa wakitoka kwa makundi kwenda kutafuta vibarua. Pale penye mfereji wa maji nilimkuta mwanamke wa kama miaka arobaini, mwembamba, amejifunga leso juu ya sweta, akikoroga sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe, kwa mwiko.

"Wewe ndiye Mama Shiro?"

"Ndio mimi. Nikupakulie?"

"Mimi ni dada yake Mwinzi."

Aliifunika ile sufuria polepole. Akafuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua kuna mtu atakuja," alisema. "Nilifikiria atakuja na polisi."

Akanipa kigoda, yeye akakaa juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa. Nilimwuliza ndugu yangu alimwibia nini.

"Hajawahi kuniibia kitu. Alikuwa anachimba choo ya landlord wetu. Asubuhi anaacha simu kwangu ikichaji, jioni anachukua. Siku hiyo lori ya mawe ikapita, ile huwa inampea lifti mpaka Thika. Mvua ilikuwa inakuja. Akaruka akatoka shimo akakimbia, na ile matope yote, akasahau simu. Mimi nikatoka nje. Nikainua simu hivi." Aliuinua mkono wenye mwiko. "Nikaita. Nilikuwa namwita jina yake tu, mama. Kwa Mungu."

"Ulimwitaje?"

"Mwisi," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie.

"Mwisi. Si ndiyo jina yake? Mwisi, mtu ya Kithimani."

Kwa miaka thelathini na mmoja nimesahihisha neno hilo. Nimefundisha watoto wa Kikuyu walioandika siwa badala ya ziwa na musiki badala ya muziki, nikawapigia duara jekundu. Najua ulimi wa mtu unavyozirudisha herufi kwenye nafasi zilizozoeleka kwao. N na Z kukaa pamoja kulimshinda huyu mama. Ile N ilimezwa na ile Z ikawa S, na ndugu yangu, aliyeitwa hivyo kila asubuhi pale kibandani, alikuwa ameshazoea kuitika. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Walisema hivyo kuwaonya wasengenyaji, nami sikuwahi kufikiri kwamba mtu asiyesengenya anaweza kuua kwa ulimi huo huo.

"Vijana wa mjengo wakashuka kutoka juu," aliendelea. "Wakasikia mwisi, wakaona mtu anakimbia. Na yeye akasimama. Alisikia ni mimi namwita, akageuka. Alikuwa anarudi akicheka, ameshajua ni simu. Alikuwa anarudi kwangu."

Alishusha mwiko, akaendelea.

"Nikawaambia, si mwisi, ni Mwisi. Nikasema hivyo mara nyingi. Nikawashika mashati. Mmoja akaniambia, mama, tumesikia, tulia."

Watu wawili walikuja kununua githeri, akawapakulia, akawarudishia chenji, akakaa tena. Aliniambia kwamba baadaye wale vijana walimkumbusha kwamba ni yeye aliyeita, si wao. Na polisi walipokuja kuuliza, kila mtu alikuwa hajaona kitu, naye akiwemo. Akafunga kibanda. Aliposikia kwamba mahali pale sasa panaitwa Kwa Mwizi, aliacha kupita Ruiru kabisa. Akienda Nairobi hufumba macho garini.

Kisha aliingia chumbani akatoka na simu ndogo ya vibonye, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Ilikuwa ya Mwinzi.

"Huwa naichaji Jumapili," alisema. "Mlipiga sana hiyo siku. Niliona inaandika Kalondu, Kalondu. Niliogopa kushika."

Hasira niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa ya kumchoma mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyu, na haikupata pa kushika. Nilimwambia kuna mtoto kwetu asiye na jina, na kwamba mjane wa Mwinzi anataka kusikia kwa kinywa cha mtu aliyekuwepo. Nilimwambia halazimishwi. Akamwita jirani amwangalizie, akavua leso, akanawa miguu kwenye karai, akavaa viatu vya kanisani.

Saa saba, tukiwa Thika tunangoja gari la kwetu, nilimpigia Kim, ambaye alikuwa ameniachia namba yake. Nilimweleza yote kwa kifupi na nikamwomba jambo moja: atafute rangi, aweke N kwenye ule ukuta wa buluu, kati ya I na Z. Kim akasema, "Sawa, mathe. Hiyo nitafanya." Kuniita mathe, yaani mama, kulinifaa siku hiyo.

Tulipopita Kilimambogo simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wake. Alikuwa ameiandika ile N, ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, lakini mwenye duka alipotoka kula akarudi, alimkuta mteja ameshaifuta kwa tambara lenye petroli, akidhani ni makosa ya spelling. Mteja huyo hata alijisifu kwamba amemsaidia. Mwenye duka alikuwa anaona haya, alisema Kim, lakini ameuliza kama tunaweza kuacha tu.

Nilimsomea Mama Shiro. Kisha nilifunga macho nikawaza yale niliyoyaona: mto mweusi, mahali pa kuzika, mahali pa funza, na watu wote wanaoamka humo, wanachemsha chai humo, na hakuna anayejiuliza. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikiamini kwamba jina la mahali ni ushahidi. Nimerudi nikijua kwamba jina la mahali ni kile alichosikia mtu wa mwisho, na kwamba likishaandikwa ukutani, ukweli ukija kuligusa utafutwa kwa tambara. Nililazimika kujua pia kwamba mimi sikuwa tofauti na yule mteja wa duka. Niliposikia mwizi kaburini sikuuliza kama kuna herufi iliyopotea, ingawa kazi yangu yote ilikuwa kutafuta herufi zilizopotea.

Saa kumi na moja kasoro robo tuliingia Kithimani. Kalondu alikuwa uani akipepeta ndengu. Mutua alikuwa ameketi kwenye ngazi, na Wavinya, mkewe, alikuwa amempakata mtoto kwenye kivuli cha nyumba. Nilimtambulisha mgeni na nikasema alichoniambia, mwanzo hadi mwisho, kwa Kikamba. Mama Shiro akaitoa ile simu kwenye soksi akamkabidhi Kalondu kwa mikono miwili. Kalondu aliiweka juu ya ndengu bila kuiangalia.

"Mwalimu ameshasema," alimwambia mgeni kwa Kiswahili. "Lakini mimi nilitaka kusikia wewe. Mwite vile ulimwita."

"Mwisi," alisema Mama Shiro, kwa sauti ya chini.

"Hapana. Hukumwita mtu amekaa karibu yako. Uliita mtu anakimbia mvua."

"Mama, usinifanye hivyo."

"Mwite."

Mama Shiro alisimama katikati ya ua. Alitazama barabara ya nje, akavuta pumzi, akaita. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuita wateja. Ilitoka kifuani yote, mara moja, halafu ya pili, halafu ya tatu ambayo ilikatika katikati.

Wavinya alimfunika mtoto masikio. Mlango wa nyumba ya pili ulibamizwa. Kabla yeyote wetu hajasema kitu, Muthama, jirani yetu, mzee wa kanisa aliyelibeba jeneza la Mwinzi, alikuwa ameshavuka ua wa miiba akiwa na rungu mkononi, na nyuma yake wanawe wawili, mmoja ameokota jiwe.

"Ameenda upande gani?" Muthama aliuliza, akihema.

Kalondu alimtazama yeye, akalitazama rungu, akamtazama yule kijana mwenye jiwe. Akaweka ungo chini. Akainuka, akaenda kivulini, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Wavinya.

"Weka hilo jiwe chini, mwanangu," alisema. "Hakuna mwizi hapa. Huyo mama anamwita mjukuu wangu."